Mfuko Ulioongezwa Vidole Viwili

Siku katoni ya unga wetu iliporudishwa kutoka duka la Ruiru, nilikuwa nimekalia ndoo, nachora mfuko. Mimi huchora mifuko vile watu wengine huchora nyumba watakazojenga. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kuchora hakuna mtu aliniambia niache. Mfuko wa siku hiyo ulikuwa na kidirisha cha kuonyesha unga, na mgongo wa kuufanya usimame wenyewe kwenye rafu.

Mwenye pikipiki alishusha katoni mlangoni akajipangusa. Suruali yake ilikuwa imegeuka rangi ya wimbi.

"Shosho, mimi nilibebeshwa katoni, nimefika nikiwa uji," alisema. "Ilibaki maji tu."

Shosho hakucheka. Si nyanya yangu wa damu. Wazazi wangu walitoka Magharibi kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa, nami nimezaliwa huku. Yeye ni mjane wa hapa Mugutha, anachanganya unga wa uji, wimbi na mtama na soya, na aliniajiri nipime, nijaze, nichome midomo ya mifuko ifungike, kwa kimashine kidogo cha mezani. Mimi humwita shosho kama kila mtu. Yeye huniita kairetu, kama anavyowaita wasichana wote wa ploti.

Simu ililia kabla hatujamaliza kuangalia katoni. Alikuwa meneja wa duka la Ruiru.

"Mama, kila asubuhi tunapanguza rafu yako tu," alisema. "Na vidudu vimeanza kutembelea majirani. Sasa lete katoni moja Ijumaa. Ikikaa wiki nzima bila kumwaga, tunaendelea. Ikimwaga pakiti hata moja, hiyo nafasi napea mwingine."

Duka lilikuwa hilo moja. Magoti ya shosho yalikuwa yamekataa kukaa chini sokoni, na bila ile rafu, biashara ingekuwa imeisha, yake na yangu.

"Ni mifuko," nilisema. "Wametuuzia mifuko mibovu."

Niliamini hivyo kabisa. Hata usingizi wa siku hiyo nililala nimekunja uso. Asubuhi nilienda Thika, Eneo la Viwanda, kwenye kiwanda kidogo kinachokata na kuchapa mifuko yetu, na mkononi nilikuwa na pakiti tano zinazovuja kama ushahidi wa kesi. Nilisimama kwenye dirisha la kupokea wateja nikibadilisha mguu, huu, ule, mpaka askari wa mlangoni akaniuliza kama natafuta choo.

Fundi wa mashine alitoka akinukia plastiki ya moto. Alikuwa mtu mzima, mpole, na nilivyomsikia akiongea nikajua ni wa kwetu Magharibi.

"Dadangu, mbona unanishikia mifuko kama mwizi wa kuku?"

"Inavuja."

Hakubishana. Alichukua mfuko mpya, akaupuliza, akaufunga kwa mashine yake, akauzamisha kwenye beseni la maji na kuukandamiza kwa viganja. Hakuna kiputo kilichotoka.

"Mfuko ni mzima. Nyinyi mnajazaje?"

Nilimweleza. Nusu kilo kwa mizani, halafu ya mkono.

"Ya mkono?"

"Ngumi moja ya kuongezea mteja. Shosho hawezi kutoa pakiti bila hiyo."

Fundi alichovya kidole kwenye unga wetu, akakipitisha ndani ya mdomo wa mfuko mwingine, akaufunga. Alipouvuta, mdomo uliachia polepole, bila hata kelele.

"Unga ukifika hapa kwa mdomo, nailoni haishikani na nailoni. Inashika unga. Hiyo ngumi yenu imejaza mfuko mpaka mahali pa kufunga."

Ngumi hiyo ilikuwa yangu. Miezi yote hiyo ni mimi nilikuwa naongeza, nikijisikia mtu mwema.

Niliporudi sikumwambia shosho. Niliogopa atajiona mjinga, na sikutaka kuona hivyo usoni mwake. Nilijaza tu pakiti kumi bila ile ya mkono, nikazipanga vizuri, nikaanza kufagia mahali palipokuwa pamefagiliwa. Shosho alipita, akainua moja, akaishikilia.

"Kairetu, hapa umemnyima nani?"

Ikabidi niseme yote. Alisikiliza akiwa amesimama, pakiti ikiwa bado mkononi.

"Nimeuza soko ya Thika tangu watoto wangu wakiwa mgongoni," alisema. "Mtu akinunua mkebe, unajaza mpaka inakuwa mlima, halafu unamuongezea ya mkono. Hiyo ndiyo anaenda akikumbuka. Sasa kwa vile nimeingia dukani ndio nianze kunyima watu?"

"Lakini shosho, ni hiyo inafungua mifuko."

"Basi tafuta mfuko unaojua kupewa."

Maneno hayo hayakunipa nafasi ya kukaa. Nilizunguka nyumba, nikachota maji ambayo hayakuhitajika, nikachora, nikafuta. Ile michoro yangu yote yenye madirisha na migongo, hakuna hata mmoja uliokuwa na nafasi ya ngumi. Jumatano nikarudi Thika.

"Nataka mfuko ule ule, lakini mrefu," nilimwambia fundi.

"Wa kuchapishwa utangoja, tena lazima uagize mzigo mkubwa. Lakini niko na roli haina maandishi, hiyo nakata vile unataka. Mtabandika lebo. Urefu wa ngapi?"

Sikuwa nimebeba rula. Nililaza vidole viwili juu ya mdomo wa mfuko wa zamani. Alicheka, akaweka rula yake kando ya vidole vyangu, akaandika.

Alhamisi tulifanya kazi tangu asubuhi. Nilikata shingo ya mtungi wa mafuta ya kupikia, nikaiosha na kuikausha, ikawa mrija wa kupitishia unga usiguse mdomo. Nusu kilo. Ya mkono. Kugongesha mfuko mezani mara tatu, unga ukae. Kufuta mdomo kwa kitambaa kikavu, ndipo kuchoma. Shosho alizamisha pakiti ya kwanza kwenye beseni la nguo na kuikandamiza kwa nguvu nikadhani ataipasua. Maji yalitulia.

Ijumaa katoni ikaenda. Wiki iliyofuata nilifika dukani Jumapili, Jumanne na Jumatano. Meneja akaniambia, "Dada, hata kuku huinuka kwa mayai akanywe maji." Nikarudi nyuma ya rafu ya sabuni, nikachungulia kutoka huko. Mama mmoja alichukua pakiti yetu, akaitikisa, akaona ile sehemu tupu ya juu.

"Siku hizi wanauza hewa," alimwambia mwenzake, akairudisha.

Nilitaka kumkimbilia nimwambie aipime, apime na ile ya jirani. Nilibana mdomo. Meneja alikuwa amenikataza kusumbua wateja.

Ijumaa meneja alitoa pakiti zote zilizobaki, akapitisha kitambaa cheupe kwenye rafu, akakigeuza. Kilikuwa safi.

"Leta katoni tatu Jumatatu," alisema. "Lakini mwambie mama yako pakiti zimelegea. Watu wanadhani anawapunja."

Nilirudi Mugutha nikitembea haraka kwa sababu ya habari nzuri, halafu polepole kwa sababu ya ile nyingine. Nilimwambia shosho zote mbili pamoja. Kwa ya kwanza alifunga macho kidogo, midomo ikienda bila sauti. Kwa ya pili aliyafungua.

"Mimi? Nipunje mtu?"

Aliketi. Nilivuta pakiti moja karibu naye, nikaikunja juu kwa nyuma mpaka mkunjo ukakaza unga, nikaushika kwa kidole mahali lebo ingepita. Nilimwambia nimeifikiria njiani, sijui kama itashika.

"Toa mkono," alisema.

Akakunja mwenyewe, akafungua, akakunja tena, safari hii akibana zaidi. Nikabandika lebo juu ya mkunjo. Pakiti ilisimama mezani wima, imejaa. Aliitazama kwa muda, akaisukuma kando, akavuta nyingine. Katoni tatu ni pakiti nyingi, na Jumatatu ilikuwa karibu.