Vibao Kumi na Viwili

Nafundisha Kiswahili katika shule ya Goba ambako kuongea Kiswahili ni kosa. Sitanii. Shule yetu inafundisha kwa Kiingereza, na getini kuna tangazo kubwa, nalo limeandikwa kwa Kiingereza, linalosema kwamba ukishavuka hapo ni Kiingereza tu. Mlinzi anayefungua geti lile hajui Kiingereza, kwa hiyo yeye husalimia watu kwa kuinua mkono. Mimi naruhusiwa kutumia lugha yangu ndani ya kipindi changu. Kengele ikilia nikiwa katikati ya sentensi, nusu iliyobaki naimalizia kwa Kiingereza.

Mwanafunzi anayevunja sheria huvishwa kibao. Ni kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kina tundu na kamba, na kimeandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "leo nimeongea Kiswahili". Unakaa nacho shingoni mpaka umkamate mwenzio na yeye akitumia Kiswahili, umvishe. Atakayekutwa nacho saa ya kwenda nyumbani anafagia uwanja wote. Shule ilikuwa na vibao vinne, na vyote nilivitunza mimi kwenye droo yangu, viranja wakija kuvichukua asubuhi. Mkuu wa shule alisema mwalimu wa Kiswahili ndiye atakayekitambua Kiswahili haraka akikisikia. Siku ile nilicheka sana, halafu nikapokea ufunguo wa droo.

Sasa mwaka juzi mkuu wa shule akaingia ofisi ya walimu akiwa na karatasi mkononi na uso unaong'aa. Wanafunzi kumi na wawili kutoka Ujerumani walikuwa wanakuja kukaa nasi wiki tatu.

"Wanakuja kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kujifunza Kiswahili."

"Wapi?"

"Hapa."

Mwalimu wa nidhamu, mtu anayeishi Wazo, karibu na kiwanda cha saruji, na anayekuja kazini na vumbi la saruji kwenye viatu lakini hakubali mwanafunzi awe na vumbi, akauliza kama wageni wanaweza kujifunzia nje ya geti. Mwingine akashauri tulifunike lile tangazo kwa shuka kwa wiki tatu. Mkuu alikataa. Alisema wazazi wanaleta watoto kwetu kwa ajili ya tangazo lile, si kwa ajili yetu.

Baada ya kikao kirefu tukaamua kuchora mraba. Ulichorwa kwa rangi nyeupe kando ya tenki la maji, hatua nne kwa hatua nne, na ndani yake Kiswahili kilikuwa halali kwa mgeni na kwa yeyote anayezungumza na mgeni. Mwalimu wa nidhamu akataka kujua itakuwaje mtu akiweka mguu mmoja ndani na mwingine nje. Hilo nalo lilijadiliwa na watu wazima wenye shahada, na ikaamuliwa kwamba kinachohesabika ni mdomo.

Wageni walifika Jumatatu pamoja na mwalimu wao, mzee mmoja mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na aliyekiongea kana kwamba anasoma hotuba ya harusi. Katika wale kumi na wawili alikuwepo msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, ngozi yake ya maji ya kunde. Alinifuata siku ya kwanza, akanivuta mpaka ndani ya mraba, akahakikisha viatu vyake vyote viko ndani. Aliheshimu sheria kuliko sisi tulioitunga.

"Madam," akasema polepole, "bibi yangu anaishi Tandika."

Habari yake nikaipata vipande vipande, siku kwa siku, kando ya tenki. Baba yake alizaliwa Tandika, akaenda kusoma Ujerumani, akaoa huko, na huko huko akafariki, miaka miwili kabla ya safari hii. Hakuwahi kumfundisha mwanawe neno hata moja. Mtoto alipoomba, baba alibadilisha mazungumzo. Bibi na mjukuu walikuwa wameonana kwenye simu tu, wakapungiana mikono, wakakosa la kuambiana. Jumamosi ya mwisho ya safari angekwenda kumwona, na alikuwa na swali moja la kumuuliza: kwa nini baba hakumpa Kiswahili. Alidhani labda baba hakutaka awe mtu wa kwao.

"Nitaenda na wewe, nitakutafsiria," nikamwambia.

"Twende. Lakini usitafsiri. Nataka kuuliza mimi. Nataka kusikia mimi."

Nikaahidi, nikaona kazi ipo. Wiki tatu si nyingi, na Goba nzima ilikuwa imejipanga kumzuia. Familia iliyompokea ilimwongelesha Kiingereza asubuhi hadi jioni, kwa heshima ya mgeni na kwa faida ya watoto wao. Nilipokwenda kuwaomba wapunguze, mama mwenye nyumba akanikaribisha soda na kunieleza kwamba amemkataza hata dada wa kazi asimsemeshe.

"Kiswahili chake cha kijijini, madam. Atamharibu mtoto wa watu."

Dukani nako hali ilikuwa ile ile. Yeye akiomba chumvi kwa Kiswahili, muuzaji anamjibu kwa Kiingereza alichokitunza tangu darasa la saba. Basi ukabaki mraba wangu, na mraba nao wakati wa mapumziko ulijaa wanafunzi wetu waliogundua kwamba ukisimama karibu na Mjerumani unaweza kuongea lugha ya mama yako bure. Walisukumana. Msichana wangu alikuwa anajaribu kusema "kwa nini baba hakunipa Kiswahili" huku pembeni yake vijana ishirini wakibishana kuhusu mpira.

Wiki ya pili, saa ya chakula, alimwomba mpishi amwongezee maharage. Alimwomba kwa Kiswahili kizuri kabisa, tena akatanguliza shikamoo, lakini jikoni si ndani ya mraba. Kiranja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alimvisha kibao kabla hajafikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea.

Msichana akakishika, akakisoma. Uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyefaulu mtihani. Akamshukuru kiranja kwa kumpa mkono, kisha akanikimbilia.

"Madam! Nimepata!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ningesema, mwanangu, hiyo ni adhabu. Nikaangalia furaha ile, nikaona aibu, si ya kwake bali ya kwangu, nikamwambia hongera.

Laiti ningejua. Kufikia jioni wenzake wote walikuwa wanazunguka shule wakitafuta viranja wa kuwasikia. Wanasimama mbele ya ofisi wanasema "nyanya, kitunguu, bamia" kwa sauti. Kufikia Jumatano vibao vyote vinne vilikuwa kwenye shingo za Wajerumani, na hakuna Mjerumani aliyekuwa tayari kuvua chake ampe mwingine, wala kiranja aliyethubutu kumpa mgeni ufagio. Wanafunzi wetu wakapiga hesabu haraka. Kama vibao vimekwisha, hakuna cha kuvishwa. Kwa siku tatu shule yetu iliongea Kiswahili kuanzia getini hadi vyooni, Kiswahili cha mtaani, cha utani, cha kuimba, na mwalimu wa nidhamu akawa anatembea katikati yao mikono mitupu. Sijawahi kuisikia shule ile ikicheka vile.

Mzee Mjerumani akaenda kwa mkuu wa shule, mimi nikiwepo, kuuliza kwa unyenyekevu kama tuzo zile zinaweza kuongezwa, maana wanafunzi wanane walikuwa wamevunjika moyo. Mkuu akaniangalia. Nikaangalia dari.

"Kwetu hii ni heshima kubwa," mkuu akasema. "Haitolewi ovyo. Lakini nyie ni wageni."

Ndivyo fundi seremala alivyopewa kazi ya kutengeneza vibao kumi na viwili, vya mbao za mninga, vimepigwa vanishi. Jumamosi ya mwisho asubuhi tukafanya sherehe chini ya turubai. Wazazi walikuja wamevaa vizuri. Mkuu wa shule alisoma hotuba kwa Kiingereza kuhusu utajiri wa Kiswahili, halafu akaniita mimi, mtunza vibao, niwavishe wageni mmoja mmoja. Wazazi wakapiga makofi. Wanafunzi wetu, ambao karibu kila mmoja amewahi kufagia uwanja na kitu kile shingoni, walikaa kimya. Mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, aliyefagia mara nne muhula ule, alinitazama moja kwa moja tangu wa kwanza hadi wa kumi na mbili.

Mchana tukaenda Tandika. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Temeke, mitaa ile naijua, kwa hiyo hatukupotea. Msichana alikataa kuvua kibao chake. Njiani alirudia swali lake kimoyomoyo, nikawa naona midomo inacheza.

Bibi alikuwa uani, mkekani, ana sufuria ya chai ya maziwa kwenye jiko kando yake na sahani ya vitumbua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba! Karibu mke mwenzangu, karibu. Ndo umekuja kuninyang'anya babu yako marehemu?"

Hakuna kitabu kilichomfundisha utani wa bibi na mjukuu. Alinigeukia, macho yamemtoka. Nikafumba mdomo, kwa sababu niliahidi. Bibi akacheka, akamvuta kifuani, na kwa muda hakukuhitajika lugha yoyote. Kisha akamkalisha, akampa kitumbua, na mtoto akakiweka chini bila kukila. Akavuta pumzi.

"Bibi, kwa nini baba yangu hakunipa Kiswahili?"

Kila neno lilikaa mahali pake. Nilijisikia fahari. Lakini bibi hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anakitazama kibao.

"Nani kakuvisha hiki?"

"Mwalimu wangu." Akanionyesha kwa mkono, kwa furaha. "Ni zawadi. Kwa sababu ninaongea Kiswahili."

"Zawadi," bibi akasema.

Akakishika, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Kusoma Kiingereza hakujui, lakini hakuhitaji kusoma.

"Baba yako kaja nacho hiki hapa, siku moja. Yuko kidato cha kwanza. Kilikuwa kibaya kuliko hiki, hakina rangi. Kakisahau shingoni, katembea nacho mtaa mzima, watu wanamcheka. Kesho yake akanambia, mama, mie usiniongeleshe tena Kiswahili. Nikamwambia, sasa baba, nikuongeleshe nini, na mie sina lugha ingine? Basi. Tukawa tunakaa hapa hapa, kimya, mtu na mama yake. Hata alipokua, akinipigiaga simu kutoka huko, anaongea kidogokidogo, kama kuna mtu nyuma yake anamsikiliza."

Alisema haraka, kwa Kiswahili cha Tandika, na nilijua mengi yamempita mtoto. Bibi naye akalijua hilo. Akaushika uso wa mjukuu wake kwa mikono miwili, akamwambia lile la maana tu, polepole.

"Hakukunyima. Alikuwa anakuficha. Asije mtu akakuvisha."

Ahadi nikaisahau, nikafungua mdomo nitafsiri.

"Usiseme, madam," msichana akaniambia. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nimesikia."

Bibi akaipitisha ile kamba juu ya kichwa cha mjukuu, taratibu, asimvute nywele. Akakiweka kibao mkekani, akaepua sufuria ya chai, akaitua juu yake ili mkeka usiungue. Vanishi ikaanza kunuka. Akamimina vikombe vitatu, cha kwanza akanipa mimi, mgeni, kwa mikono miwili.

"Na wewe, mwalimu," akaniuliza, bila ubaya wowote, "huko shuleni kwenu unafundisha nini?"

Chai ilikuwa ya moto sana. Nikaishikilia.

"Kiswahili," nikasema.