Daftari la Usingizi wa Supavaiza

Kamanda hakuwa kamanda wa jeshi lolote, tuelewane mapema. Alikuwa mlinzi wa bohari la saruji na mabati, mwenye rungu moja, tochi moja na buti alizozing'arisha mpaka zikamponza: wapakiaji walipoziona wakampa cheo hapohapo, na cheo kikamganda. Miaka sita alilinda usiku, na miaka yote sita alitamba kwamba yeye na usingizi hawajawahi kutambulishana. "Mimi nalala kwa jicho moja," aliwaambia wapakiaji, "la pili liko kazini." Walimwitikia kwa heshima zote, kisha wakaenda nyuma ya mabati kucheka.

Halafu akahamishiwa zamu ya mchana. Akafurahi kama aliyepandishwa cheo cha kweli, kumbe nyumbani anasubiriwa na mkubwa wake wa kazi. Mkubwa huyo alikuwa binti yake, aliyebakiza miezi miwili atimize miaka minne. Kamanda mwenyewe ndiye aliyempachika jina la Supavaiza, kwa sababu kila ikifika saa nane usiku mtoto alishuka kitandani kukagua. Aligusa komeo la mlango. Alipanga viatu vya nyumba nzima, visigino ukutani, kuanzia kidogo mpaka kikubwa, na akikuta kandambili moja imekaa upande alilia kilio cha kuamsha majirani, mpaka ukuta wa pili ukagongwa. Akishamaliza ukaguzi anaanza kurukaruka katikati ya chumba, vidole vinapepea mbele ya macho, mchangamfu kama watu wa saa nne asubuhi. Ukimbeba anajikaza kama ubao. Usiku mwema alilala saa nne kwa jumla. Usiku mbaya, mbili.

Mchana ukimwita jina hageuki. Lakini karatasi ya biskuti ikichakarika chumba cha pili, ameshafika.

Mkewe Kamanda alikuwa msusi, na msusi asiyelala anajulikana kwa njia zake: mistari ya nywele inapinda, mteja anashika kichwa na kuuliza kama amekosana naye. Kwa hiyo wakagawana usiku kama walinzi. Mama alishika zamu ya kwanza mpaka saa sita, baba akashika ya pili mpaka alfajiri. "Zamu ikishakuwa yako ni yako," mkewe alimwambia. "Usiniamshe mpaka nyumba iwe inaungua."

Wakampeleka mtoto kliniki. Nesi wa pale alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mgumu wa macho. Alimtazama Supavaiza akipanga vifuniko vya chupa za dawa kwenye ukingo wa dirisha, akauliza maswali mengi, mama akayajibu yote kwa sauti ya mtu aliyekesha.

"Sisemi mtoto ana usonji, wala sisemi hana," nesi akasema. "Hilo si langu kusema. Yupo daktari wa watoto wa namna hii, anakuja hapa siku moja kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyo anaona watoto kumi na wawili tu. Nimemwandika binti yenu nafasi ya tisa. Lakini usingizi huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Nileteeni daftari la usiku kumi na nne: kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kafanya nini, karudi kulala saa ngapi."

"Ataandika baba yake," mama akasema. "Kuandika ndiyo kazi yake, sista. Huyu anaandika mpaka paka akipita getini."

Kamanda akavimba kichwa. Laiti angejua.

Maana kila lindo lina kitabu cha matukio, na kitabu hicho kina desturi yake. Kila saa moja mlinzi anaandika saa, halafu anaandika "hali shwari", halafu anatia sahihi. Mvua ikinyesha, hali shwari. Mbwa wakipigana, hali shwari. Mwaka wake wa kwanza Kamanda alijitia mkweli akaandika kwamba bati moja la uzio limelegea. Kesho yake aliitwa ofisini kuandika barua ya kujieleza, nakala tatu: lililegea lini, yeye alikuwa wapi, na kwa nini lilegee katika zamu yake. Bati lenyewe halikuulizwa kitu. Tangu siku ile aliapa kwamba kalamu yake haitamtafutia tena balaa, na mkono ukazoea hivyo, ukawa unaandika wenyewe kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani.

Daftari la nesi alikuwa akilijaza asubuhi kibandani, kando ya kitabu cha kampuni.

"Kamanda, mbona vitabu viwili?" mzee aliyekuwa akimkabidhi geti alimuuliza. "Umepata lindo jingine unatuficha?"

"La nyumbani, mzee wangu."

"Na huko kuna wizi?"

"Wa usingizi tu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kamanda naye akacheka, akainama, akaandika. Saa nane, hali shwari. Saa tisa, hali shwari. Asubuhi ya pili alishika kalamu akatamani kuandika kwamba mtoto amelia dakika arobaini kwa sababu ya kandambili. Akayatazama maneno hayo kichwani, yakafanana sana na bati lililolegea. Akayaacha.

Usiku wa tisa ndio uliomkaa rohoni. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilichoziba mlango, mgongo kwenye mbao, Supavaiza anapanga viatu. Akajisemea anafumba jicho moja tu. Yakafumbika yote mawili. Alipozinduka kiti kilikuwa kimesukumwa pembeni, mwenyewe angali juu yake, au pengine alikisogeza mwenyewe katika usingizi, hakujua na hajui mpaka leo. Komeo limevutwa. Mlango wazi. Baridi inaingia.

Alimkuta ng'ambo ya barabara, chini ya taa ya duka, miguu mitupu, anapanga vifuniko vya soda kwenye ngazi. Gari la mikate lilikuwa limesimama katikati ya njia, injini inanguruma, dereva ametoa kichwa dirishani. Kamanda akainua mkono kumwomba asubiri. Alimbeba mtoto alivyo, ubao, akarudi ndani. Mkewe alikuwa amelala fofofo. Akachovya kitambaa majini akaifuta miguu ile midogo, kidole kwa kidole, mpaka matope yakaisha, akakisuuza kitambaa na kukikamua. Asubuhi akaandika maneno yaleyale ya siku zote.

Siku ya kliniki nesi alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa uso wake ulizidi kukunjuka.

"Hongera jamani," akasema. "Huyu mtoto analala. Tangu saa tatu mpaka alfajiri, usiku kumi na nne, hakuna tukio. Basi nafasi ya tisa nampa mwingine, wapo wanaoteseka kweli." Akavuta orodha, akaweka rula, akapiga mstari.

"Sista," mama akasema taratibu, "mimi nilikwambia anaamka."

"Mama, tukichoka usiku tunauona mrefu kuliko ulivyo. Mimi pia nimelea. Lakini daftari hili hapa, limeandikwa vizuri, na saa zake."

Mama akanyoosha mkono akalichukua. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akafunua mpaka mwisho. Akalirudisha mezani, akamshika mtoto, akatoka. Kamanda akamfuata, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza buti zake zilikuwa zinapiga kelele kupita kiasi.

Walikaa kwenye benchi la nje. Supavaiza alikuwa anagusa misumari ya benchi, mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mwongo ni mimi," mkewe akasema.

"Mke wangu, ile ni namna tu ya kuandika."

"Namna gani?"

"Ya kazini."

"Mtoto huyu ni saruji?"

Kamanda akaigeuza kofia mkononi.

"Miezi mitatu mingine," mkewe akasema, "na mimi nasuka huku nasinzia. Jana nimemchoma mteja na ncha ya kitana. Nenda ukamwambie."

"Foleni yote ile inatazama."

"Itazame."

Akarudi. Ilimbidi apite mbele ya akina mama kumi na zaidi, na kila aliyempita alimkumbusha foleni inaanzia wapi. Alisimama mlangoni kwa nesi kama anasubiri kukaguliwa.

"Sista, lile daftari si kweli."

Nesi akaweka kalamu chini. "Sasa baba, nishike lipi, la mdomo au la maandishi? Mwingine ataniambia umesikia nafasi imepotea ndiyo unatunga."

"Nimezoea kuandika hivyo. Tukiandika tukio tunaulizwa sisi."

"Hapa hakuna anayekuuliza kwa ubaya. Niambie usiku mmoja tu. Ule mbaya kuliko yote."

Kamanda akageuka. Mkewe alikuwa amekuja nyuma yake, mtoto kiunoni. Angeweza kusimulia wa kandambili. Ulikuwa mbaya wa kutosha, na kila mtu angerudi nyumbani salama. Akaufungua mdomo kuusimulia huo, ikatoka barabara. Ikatoka taa ya duka, gari la mikate, vifuniko vya soda, na hata kitambaa.

Mkewe alimhamisha mtoto kutoka kiuno cha kushoto kwenda cha kulia, akaushika mguu wake mmoja kwenye kiganja, akaushikilia.

"Mtoto anayetoka nje usiku hangojei miezi mitatu," nesi akasema. Nafasi ya tisa ilikuwa imeshakwenda, aliyepewa alikuwa ameshapigiwa simu. Akaandika chini ya orodha, nje ya mistari, jina la kumi na tatu. "Siahidi kitu. Nitamwomba daktari asiondoke kabla ya kuwaona, na akikataa nitawaandikia barua ya hospitali kubwa. Leo hii komeo lipande juu, asipofika. Na daftari lianze upya."

Jioni ile Kamanda alipandisha komeo, akaongeza na kufuli. Mkewe alimtazama akipiga misumari. Ilipofika saa sita Kamanda akaja kupokea zamu, akamkuta mkewe amekaa kwenye kiti cha mlangoni, daftari mapajani.

"Kalale," mkewe akamwambia.

"Ni zamu yangu."

"Nimesema kalale."

Akaenda kulala, yaani alijinyoosha tu, macho yote mawili makavu darini, anasikiliza kazi yake ikifanywa na mtu mwingine. Saa nane akasikia viatu vinasogezwa. Kisha kitu kikamgusa: Supavaiza alikuwa amemshika kidole cha shahada, anakivuta kama mtu anayevuta kamba. Kamanda akainuka akafuata. Mtoto akampeleka ukutani, akakiweka kile kidole kwenye swichi, akakibonyeza. Taa ikawaka. Akakibonyeza tena. Ikazimika. Usoni hakumtazama hata kidogo.

Walicheza hivyo muda mrefu. Kila taa ilipowaka alimwona mkewe kwenye kiti, kichwa kimeinama, kalamu inakwenda.

"Andika na mimi niko macho," akasema.

"Nimeandika," mkewe akajibu, bila kuinua kichwa. "Nimeandika pia saa uliyokwenda kulala na hukulala."