Kilemba cha Mzee na Maski Zangu za Moshi

Mimi shule niliachia darasa la sita, lakini hapa Isiolo nimejenga nyumba ya ghorofa tatu kwa mikono hii. Chini duka la magodoro, juu vyumba vya wageni. Na kabla mtu yeyote wa mtaa wetu hajajua kitu kama hicho kipo, mimi nilikuwa nimeshanunua maski za moshi Nairobi, zile za kuvaa kichwa kizima kama mfuko, zenye plastiki ya kuonea na kichujio mbele ya mdomo. Nikatundika mbili kila ghorofa, kando ya ngazi. Watu walicheka. "Si uwape tu leso yenye maji?" Nikawaambia leso haichuji sumu. Godoro likiungua, moshi wake unakuua kabla moto haujakufikia.

Asubuhi moja fundi alikuwa anachomelea grili ya duka, cheche ikaingia kwenye magodoro. Wateja na wafanyakazi walitoka mbio. Lakini juu kabisa kulikuwa na mzee mmoja mfugaji kutoka kijiji cha Biliqo, ameletwa na binti yake kutibiwa magoti. Binti alikuwa amekwenda kuchukua dawa. Nikapanda ngazi za nyuma, nikachukua maski mbili.

Nilimkuta ameketi kitandani, moshi ukiingia chini ya mlango. Nikamshushia maski kichwani. Ikakwama. Mpira wake lazima ukaze shingoni, na mimi niliyefikiria kila kitu sikufikiria kilemba.

"Mzee wangu, kivue."

"Mbele yako, kijana? Hata marehemu mke wangu hakunizoea kichwa wazi."

"Moshi hauna adabu, mzee."

Akakohoa, akanitazama, akakivua mwenyewe. Tulipokwisha kuvaa, akafunga ncha moja ya kile kitambaa mkononi mwake na ncha nyingine mkononi mwangu, fundo la kuunganishia ngamia safarini.

"Vumbi likizidi, hatuachani," alisema ndani ya plastiki.

Tulishuka, mimi mbele, maana nyumba ni yangu. Kufika ghorofa ya pili sikuona hata kidole changu. Ndani ya maski ni joto, pumzi lazima uivute kwa nguvu, nikahisi kama ninanyongwa. Wacha niseme ukweli: mkono wangu ulikuwa umeshashika ule mpira niivue. Mzee akavuta kitambaa, mkono wangu ukashuka.

"Unakimbiza pumzi," mzee akasema. "Ipeleke mwendo wa ngamia."

Akapita mbele. Kwa magoti yale mabovu akashuka kwa makalio, ngazi moja, halafu nyingine, bila haraka, akinivuta. Nikashuka vivyo hivyo nyuma yake, mgeni akinionyesha njia katika nyumba niliyoimwagia zege mwenyewe.

Nje, binti yake alikuja mbio akilia, na watu wakimwambia mwenye nyumba amemwokoa baba yake. Akamfunika mzee kichwa kwa mtandio wake.

"Ni kweli," mzee akasema. "Huyu ndiye amenitoa."

Mimi sifa huwa sikatai. Lakini siku hiyo, mbele ya soko zima, nilimweleza yule dada jinsi baba yake alivyoushusha mkono wangu pale ghorofa ya pili.