Disketi Kumi na Mbili na Hotpoti Moja

Mama yangu alipika mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, wa watu wa ngwatio, na kufikia saa saba mchana hakuna hata mmoja aliyekuwa amebisha hodi. Sufuria ilikaa juu ya meza imefunikwa kwa taulo. Mimi nilikaa kando yake, nikiitazama kompyuta isiyokuwa na kitu ndani.

Wacha nieleze vizuri, maana hasira hunifanya nianzie mambo katikati.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja pale Thika, nikisomea kompyuta bila kumiliki kompyuta. Mwalimu wetu alikuwa ameipata Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta uliotolewa bure. Uliruhusiwa kuutumia, kuufungua uone ulivyoundwa, na kumpa mwenzako bila kumwibia mtu. Vifaa vyote vya kuandikia programu vilikuwa humo humo. Sisi tuliozoea programu za kunakili kwa siri, zilizojaa virusi, tulidhani anatutania. Kulikuwa na shida moja tu: ulijaza disketi kumi na mbili, na hakuna mwanafunzi aliyeweza kuzinunua zote. Tulikuwa sita, kwa hiyo kila mtu akanunua mbili, akanakili sehemu yake na kuitunza kwao.

Ni mimi niliyesema tufanye ngwatio. Mama na wanawake wenzake walikuwa na vishamba huko Murera, wakivilima kwa zamu: leo wote kwa huyu, wiki ijayo wote kwa yule, kila mtu na jembe lake, mwenye shamba akiwapikia. Nasi tukafanya vivyo hivyo. Kila Jumamosi tulikusanyika kwa mmoja wetu, penye kompyuta ya mjomba au iliyoungwaungwa kwa vipuri, tukaingiza disketi moja baada ya nyingine mpaka mfumo ukakaa. Halafu tulikula. Kwa kuwa sikuwa na kompyuta niliwekwa wa mwisho, na sikuona ubaya wowote.

Kisha mama akapata kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi ya kiwanda cha mananasi alikokuwa akifanya kazi ya kumenya. Aliileta kwetu, mtaa wa Landless, kwa mkokoteni, ameifunika leso kama mtoto mgonjwa. Wiki hiyo hiyo virusi viliziangusha kompyuta za chuo, na mlango wa maabara ukafungwa. Projekti ilitakiwa Jumatatu. Asiyeikabidhi angerudia mwaka, na mwaka wa kurudia haukuwepo nyumbani kwetu. Wadogo zangu wawili walikuwa wakingoja nimalize ndipo na wao waendelee na shule.

Niliwaambia wenzangu Jumamosi ni zamu yangu. Wote walijibu, "Sawa, hakuna noma."

"Wee kairitu, binti yangu, watu wako wako wapi?" mama aliuliza saa saba hiyo.

"Watakuja, mami."

"Hawaji. Wao si wamekwisha kulimiwa?"

Alisema bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Akapakua mukimo, akajaza bakuli lenye kifuniko na ile hotpoti yake ya wageni, chombo cha kutunza chakula kikiwa moto. "Wapelekee. Chakula cha ngwatio hakiliwi na mwenye shamba peke yake. Mtu akikila, lazima akumbuke jembe."

Kwanza nilikwenda mtaa wa Ngoingwa, kwa msichana tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja. Alinipokea getini.

"Woi, zile disketi nilishafuta! Niliwekea kazi ya brother yangu," alisema. "Si kompyuta yangu tayari inafanya?"

"Na wengine?"

"Nadhani pia wao wamefuta. Disketi ni za kutumia, jameni. Jaribu yule wa Ruiru. Projekti imefika wapi?"

Alichukua bakuli, akashukuru, akafunga geti. Nilitamani kulipiga teke hilo geti, lakini mbwa alikuwa ameanza kubweka.

Yule wa Ruiru alikuwa kijana mpole ambaye kwao ni magharibi, akikaa chumba kimoja na mjomba wake. Mjomba alifanya kazi ya usiku kiwandani, kwa hiyo mchana alilala nyuma ya pazia, na mgeni alinong'ona. Kwa kunong'ona kijana aliniambia kwamba moja ya disketi zake aliiandikia CV. Hakuja kwa sababu aliona haya, tena projekti yake mwenyewe ilikuwa haijaisha.

Nililia hapo hapo, nimeuma kitambaa nisimwamshe mzee wa watu. Nilimwambia walinila. Walikuja kwa kila mtu, na mimi nikaenda kwa kila mtu, na sasa nitarudi kumwambia mama nini? Sikuwa na la kumlaumu zaidi ya wengine, lakini ndiye aliyekuwa mbele yangu. Alinisikiliza huku akila. Alikula mpaka akamaliza, nami nikamchukia kwa kumaliza.

Kisha alitoka na hotpoti, akaiosha bombani, akarudi akiipangusa.

"Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu," alinong'ona. "Na hapa sina hata unga."

Akachukua bisibisi, akafungua kompyuta yake na kuchomoa ile diski ya chuma inayokaa ndani na kuhifadhi kila kitu. Akaiviringisha kwenye sweta, akaitia ndani ya hotpoti, akafunga kifuniko.

"Linux yote iko hapa. Tutainakili kwa yako."

"Na projekti yako?"

"Iko humo humo."

Tulipofika Landless, mama aliipokea hotpoti, akaona ina uzito, akaifungua.

"Ngai! Na hii ni nini?"

"Ni jembe, mama," kijana alisema.

Mama aliitoa kwa mikono miwili akaiweka mezani.

Tuliziunga diski mbili kwa waya mmoja ndani ya kompyuta yangu. Kijana alipomaliza kuandika amri ya kunakili hakubonyeza. Alieleza kwamba akikosea herufi moja tu, ile tupu itaandikwa juu ya ile iliyojaa, na sote wawili turudie mwaka. Aliniambia niisome kwa sauti. Nikaisoma. Akaniambia niisome tena. Mama akaacha kuosha vyombo. Kijana akabonyeza. Taa ndogo ya kompyuta ilianza kupepesa, na kila stima ya mtaa ilipofifia, alishika kichwa, nami nikashika ukingo wa meza nikiomba kimoyomoyo.

Giza lilikuwa limeanza kuingia alipochomoa diski yake na kuwasha kompyuta ikiwa na yangu pekee. Maandishi meupe yalianza kupanda kwenye skrini, mstari juu ya mstari. Nilijifunika uso kwa viganja nikalia upya.

"Imekataa?" mama aliuliza.

"Imekubali, mami."

Mama aliijaza hotpoti mukimo wa mjomba wa kijana, naye akaondoka nayo, diski ikiwa kwapani, ndani ya sweta. Jumatatu tulikabidhi projekti zetu sote wawili. Yangu ilikuwa na makosa mengi, lakini ilipita.

Bakuli la Ngoingwa lilirudi wiki kadhaa baadaye, limeletwa na mtu mwingine. Lilikuwa limeoshwa vizuri sana. Mama alifungua kifuniko, akatazama ndani, akalifunika tena.

"Huyo," akasema, "usimlimie tena."