Nyatiti Mbili za Homa Bay

Ninaanza kwa kutenga mambo mawili, kwa kuwa nimeishi muda mrefu kati ya watu wanaoyachanganya. Kwamba baba yangu alikuwa mpigaji nyatiti aliyeitwa kwenye matanga kutoka Nyatike hadi ng'ambo ya mpaka, hilo nililisikia. Kwamba watu walianza kulia hata kabla hajafungua kinywa, hilo pia nililisikia, na waliolisema walikuwa wamekunywa. Niliyoyaona ni machache: mgongo wake akiondoka nyumbani jioni, ile ala ya nyuzi nane imeviringishwa katika blanketi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kulia, ambayo mpigaji huigonga kwenye ukingo wa chini wa nyatiti ili kushika mwendo wa wimbo, na kaburi lake, nililolikuta limekwisha kuota nyasi.

Wakati huo, miaka michache baada ya Uhuru, nilikuwa mwalimu Kegonga. Wakuria walinipokea kwa heshima na kuniletea maziwa, lakini jioni kila mtu alirudi kwenye lugha yake, nami nikabaki na Kijaluo changu peke yangu katika nyumba ya bati. Sikuwa nimeoa. Mama alifariki nikiwa shule ya bweni. Habari ya kifo cha baba ilinifikia baada ya mazishi, kwa vinywa vya wachuuzi wa samaki. Nilipofika nyumbani Nyatike, karibu na machimbo ya Macalder, nilimwuliza baba mdogo swali moja tu: nyatiti iko wapi?

"Nilimpa mtu wa Homa Bay," alisema. "Yule mwenye duka la vitu vikuukuu."

"Ulimpa, au ulimwuzia?"

"Mwanangu, wewe una kalamu. Nyatiti ungeifanyia nini? Ungeisahihishia madaftari?"

Hakikuwapo kitu kingine cha baba. Nguo zake zilikuwa zimegawanywa, na nyumba yake, kwa desturi yetu, ilikuwa imeachwa ianguke yenyewe. Nilipanda basi la Homa Bay.

Mlangoni mwa duka lile palining'inia nyatiti mpya, ngozi yake ingali na manyoya, mti wake mweupe ukinukia utomvu. Ndani, sakafuni, zililala mbili kuukuu. Ngozi zilikuwa nyeusi kwa moshi, moja imepasuka, nyuzi zimelegea, na ukingo wa chini wa kila moja ulikuwa umelika pale pete ilipogonga miaka yote. Niliuliza bei. Mpya ilikuwa bei ya mbuzi. Kila moja ya zile kuukuu ilikuwa bei ya mtamba wa ng'ombe. Nilimwambia mwenye duka kuwa amezigeuza bei.

"Sijazigeuza, mwalimu," alisema, akiitazama kalamu mfukoni mwangu. "Mpya hununuliwa na anayejua kupiga. Hizi hununuliwa na asiyejua."

Hapo aliingia karani mmoja aliyevaa koti, ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amejenga nyumba ya mawe Migori.

"Nipe ile mbaya kabisa," alisema. "Ile iliyopasuka au hiyo nyingine, yoyote iliyochakaa vizuri. Naitaka ukutani sebuleni. Mgeni akiingia ajue hapa pana watu wa tangu zamani."

"Baba yako alikuwa mpigaji?" mwenye duka alimwuliza.

"Baba yangu alipiga pasi kwa Mzungu mpaka akazeeka." Akacheka mwenyewe. "Sasa pasi nitaitundika?"

Niliuliza ni ipi iliyotoka Nyatike.

"Zote mbili," mwenye duka alisema. "Wazee wanakufa, mwalimu, na watoto wao wako shule."

"Nani alizileta?"

"Huyu na yule. Majina sikuuliza. Ningeuliza, wangetaka na jina lilipiwe."

Karani alikwisha kuingiza mkono mfukoni. Mwenye duka akamzuia. "Mwalimu ametangulia. Achague yeye, wewe utachukua itakayobaki."

Fedha yangu ilitosha moja. Nilichuchumaa nikazitazama. Nilipelekwa bweni ningali mdogo. Baba alipiga katika miji ya watu wengine, na nyumbani nyatiti ilikaa ndani ya blanketi. Ukingo wake sikuwahi kuuona mchana. Moja ilikuwa na kishimo kipana, cha kina kifupi. Ile iliyopasuka ilikuwa na kishimo chembamba kilichozama. Darasani sikumruhusu mwanafunzi kuandika asichoweza kukithibitisha, na sasa sikuwa na uthibitisho hata mmoja.

Nilivua kiatu na soksi, nikaketi kwenye kigoda.

"Omera, ndugu yangu!" karani alisema. "Mwalimu anatupigia leo!"

Niliweka kidole gumba katika kishimo cha kwanza. Kilitulia. Mti ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika, tena wa baridi. Nikaiweka ile ya pili mbele yangu. Kidole kikatulia vilevile.

Mwenye duka aliinama karibu nami. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu baba. "Ipi ya baba yako?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

"Sema moja ni yake, yaishe. Nani atakupinga?"

"Mimi," nilisema.

Nikachukua ile ya kishimo kipana. Sababu ya kuichukua hiyo sinayo. Nililipa bei ya mtamba kwa kitu nisichojua kukipiga na nisichoweza kuapa kuwa ni cha kwetu, na sikuomba kupunguziwa.

Karani alifurahi. "Umeniachia mbaya zaidi, mwalimu! Asante sana!" Akaikumbatia ile iliyopasuka, akatoka nayo.

Nilifunga kamba za kiatu, nikatoka nyuma yake. Kituoni utingo aliipokea nyatiti ya karani, akaifunga juu ya basi kati ya gunia la dagaa wa omena na godoro, ngozi ikielekea juu. Basi likaondoka kwa njia ya Migori. Nilisimama kando ya barabara, yangu mkononi, na niliiona ile nyingine hadi basi lilipokata kona.