Siku Niliyomnyamazia Mama Rahabu

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Ruiru, mwanangu, katika nyumba kuukuu ya shamba la kahawa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa chekechea kule mtaa wa Landless, na likizo hiyo nilikuwa nimepata kazi ya kushika karatasi za maneno kwenye filamu. Usidhani ilikuwa filamu ya kuliza watu. Ilikuwa vichekesho na nyimbo mwanzo hadi mwisho: mjane tajiri wa Thika anataka kuolewa na kijana mpiga gitaa, na kila anakokwenda anafuatwa na wasichana wanane waliovaa kama mananasi, wakicheza. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi wa kupendeza.

Huyo mjane alikuwa Mama Rahabu. Wewe humjui, ila nilipokuwa mdogo, akitokea kwenye televisheni, watu walijazana kwa jirani mwenye seti hadi wengine wakachungulia dirishani. Sasa alikuwa amezeeka. Walimvisha wigi ya rangi ya waridi na manyoya shingoni, na hakuona haya. Sauti yake bado ilijaza nyumba. Shida yake ilikuwa moja tu, maneno yalikuwa yameanza kumtoroka.

Siku ya kwanza aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Mwalimu, nitakuambia kitu ambacho hata binti yangu sijamwambia. Nasahau. Ukiniona nimegusa kipuli hiki, niambie neno la kwanza tu. Hayo mengine yatakuja yenyewe."

Nikamkubalia. Wiki mbili tulifanya hivyo, mimi nikiwa nimesimama kando ya kamera. Akigusa kipuli, natamka neno kwa midomo, naye anaendelea kana kwamba alikuwa ametua tu kupumua.

Kisha mwongozaji wa filamu akagundua. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana mwenye haraka. Aliniambia, "Kesho kwenye wimbo wa harusi, akikwama, nyamaza. Ile sura yake akisahau ndiyo itakayochekesha watu. Nami kwenye wimbo wa mwisho nitakupa nafasi uonekane. Utakuwa nanasi mstari wa mbele, na utapata maneno mawili ya kusema."

Mwanangu, niliuza imani ya mama mzima kwa vazi la nanasi.

Kesho yake Mama Rahabu alianza kuimba, akafika ubeti wa pili, akakwama. Akagusa kipuli. Mimi nikaangalia karatasi. Akagusa tena. Mananasi yanazunguka, gitaa linalia, wigi imeanza kuegemea sikio. Mwishowe akageuka kabisa, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu?" Sikuinua macho. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wangu haukujikwaa, ulilala tu mdomoni kama jiwe. Akabaki akirudia ubeti wa kwanza, mara tatu, mara nne, huku wafanyakazi wameziba midomo wasisikike wakicheka.

Jioni alinikuta nikikunja karatasi. "Ulikuwa umechoka leo, mwalimu?" Aliniuliza kwa upole, akinitafutia mlango wa kutokea. Nami nikajibu, "Ndiyo, nilikuwa nimechoka." Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Uongo huo ndio unaoniuma kuliko ule ukimya.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja wa Thika. Mama Rahabu alikaa mbele na binti yake, amevaa nguo ya kanisani. Ule wimbo wa harusi ulipofika, watu walicheka hadi wakashikana mabega. Yeye mwenyewe alicheka kidogo, akidhani yatapita. Hayakupita. Mwongozaji alikuwa ameacha kila kitu ndani ya filamu, pamoja na lile neno, "Mwalimu?" Taa zilipowashwa, mwongozaji akasimama kushukuru watu, akanionyesha kwa kidole, akasema kwa furaha, "Siri ya kicheko kile ni huyu mwalimu. Nilimwambia anyamaze, akanyamaza."

Mama Rahabu aligeuka kwenye kiti akanitazama. Nje alinisubiri mlangoni, akamwambia binti yake atangulie.

"Kuchekwa ni kazi yangu," aliniambia. "Nimechekwa tangu nikiwa msichana, na kila mara nilijua ni nini wanachocheka. Lakini siku ile sikuwa kazini, mwalimu. Nilikuwa nakuita."

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Hakuigiza tena. Kanda za filamu ile zilienea hadi Githurai, na watoto wa darasa langu wakawa wanacheza mchezo wa kugusa sikio na kuuliza, "Mwalimu?" Niliwanyamazisha bila kuwaambia kwa nini. Kila Jumapili nilisema nitakwenda kwake Mugutha nikaombe msamaha. Nikaolewa, nikazaa, nikaahirisha. Sikio halilali na njaa, lakini moyo wangu ulilala nayo miaka tisa.

Nilipokwenda, nilimkuta ameketi juani na blanketi magotini. Nikapiga magoti, nikasema yote, kipuli, karatasi, vazi. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akatabasamu, akaniuliza, "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Binti yake aliniletea chai. Aliniambia, "Amekusahau. Mimi mwenyewe siku nyingine hanijui. Ungekuja mwaka juzi." Nilikunywa ile chai yote kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Siku hizi kipande kile kimerudi, mnatumiana kwenye simu na kuandika kwamba mmekufa kwa kicheko. Sikulaumu, hukujua. Sasa unajua.

Basi nisikilize. Mtu akikuonyesha mahali anapovuja, amekuwekea amana; usiifungue mbele za watu hata ukiahidiwa kung'aa. Mwenzako akikwama na akakutazama wewe, sema neno. Na ukikosa, nenda leo, uombe msamaha wakati bado anakumbuka ulichomtendea, maana mimi mwenzio nilichelewa, nikabaki na majuto yasiyo na wa kuyapokea.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuokoa, na miguu myepesi ya kurudi ulikokosea. Na uzee utakapokupata, mwanangu, usikose mtu wa kukunong'oneza neno la kwanza.