Mizunguko Sita Juu ya Sakafu ya Mtarakwa

Sisi tuliosoma Moiben enzi za masetla wa Kizungu tulijua kuteleza kabla ya kujua kugawanya. Vitukuu vyangu wakiona kwenye televisheni watu wanakimbizana juu ya barafu, wameinama, mkono mmoja unagusa chini kwenye kona, huniuliza kama nimewahi kuona maajabu kama hayo. Nawaambia nilikuwa bingwa wa mchezo huo miaka mitatu mfululizo. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu.

Barafu hatukuwa nayo, lakini sakafu tulikuwa nayo. Shule yetu ya misheni ilikuwa na ukumbi mmoja wa mbao za mtarakwa. Jumapili ulikuwa kanisa, siku nyingine darasa, na kila Ijumaa mchana ilikuwa lazima ung'ae. Tulipaka nta iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa, harufu ikakaa kwenye nywele zetu hadi Jumatatu. Kisha kila mmoja alifunga vipande vya blanketi kuukuu miguuni kwa kamba ya katani, akateleza huku anasugua. Mwalimu Salome, mwalimu wetu mkuu, alikuwa amegundua kwamba mtoto akiambiwa afanye kazi atashinda hapo kutwa nzima, lakini akiambiwa ashindane, chai haijachemka atakuwa amemaliza. Akapanga mabenchi manne katikati ya ukumbi, tukawa tunayazunguka mara sita, wanne kwa wanne.

Wenzangu walisimama wima kama watu wanaopanga foleni ya chumvi. Mimi niliinama mpaka kidevu kikakaribia magoti, na kwenye kona nikaweka vidole vya mkono wa kushoto chini, nikakata kwa ndani. Nikitoka hapo nimeshaacha mtu. Waliniita Treni. Kulikuwa na wavulana wa kubeba magunia ya ngano mgongoni, na wote waliujua mgongo wangu kuliko uso wangu.

Ila kulikuwa na sheria moja. Mbio zikiisha, Mwalimu Salome alituinua miguu kama mtu anayekagua kwato za ng'ombe. Blanketi lako lisipokuwa jeusi, ushindi unapewa anayekufuata. "Blanketi safi ni la mtu aliyekuja kutembea," alisema. Kwa hiyo mbio zetu zilikuwa za kukanyaga kwa nguvu na kukimbia kwa wakati mmoja, na huo si mchezo wa kila mtu.

Mama yangu alikuwa yaya kwa setla mmoja mjini Eldoret. Mimi niliishi Moiben na Kogo, yaani nyanya yangu. Mama alikuja nyumbani Krismasi tu, na Krismasi iliyotangulia hakuja, maana tajiri wake alikwenda pwani na familia yake akamchukua akamshikie mtoto. "Mamako hajatusahau," Kogo alisema. "Amepelekwa tu." Nilimwamini. Lakini nilikuwa nimeanza kusahau sauti ya mama, na hilo liliniogopesha kuliko kiboko.

Ndipo Mwalimu Salome akatangaza kwamba kanisa kubwa la mjini linataka sakafu ing'arishwe kabla ya Pasaka. Kila shule ya misheni itatoa mtoto mmoja, na lori litawachukua. Wetu atakuwa mshindi wa Ijumaa ya pili. Nilikimbia nyumbani nikamwambia Kogo atume habari kwa dereva wa lori la maziwa: mama aje kanisani, mwanawe Tabitha atakuwepo.

"Umeshashinda?" Kogo akauliza.

"Bado. Lakini nitashinda."

Kogo alinitazama sana, kisha akatuma.

Wiki hiyohiyo akaja msichana mgeni, Peris, kutoka Timboroa, ambako baba yake alikuwa ameacha kazi ya kupasua mbao. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na Ijumaa ya kwanza tu alinipita kana kwamba nimesimama kusalimia watu. Ilinikata maini. Habari ilikuwa imeshafika mjini. Akilini nilimwona mama amesimama kwenye mlango wa kanisa, anaangalia watoto wanashuka kwenye lori, mmoja mmoja, na mimi simo.

Ijumaa ya pili nilikanyaga zile mbao kama nina kisasi nazo. Peris aliongoza mizunguko mitano. Kwenye kona ya mwisho niliweka mkono chini nikapita ndani, bega langu likakwaruza benchi, tukatoka sambamba. Akanishinda kwa unyayo mmoja. Watoto walipiga kelele. Mimi nilikaa chini nikalia waziwazi, Treni mzima.

Mwalimu Salome akainua mguu wa Peris. Blanketi lilikuwa bado la kijivu, kama alivyolifunga. Mtoto wa watu alikuwa amepaa. Akainua wangu. Blanketi lilikuwa jeusi kama sufuria ya kupikia pombe ya busaa.

"Tabitha," akasema, "futa kamasi. Lori ni Jumanne."

Hadi leo Peris husema nilibebwa. Ni rafiki yangu, namwacha aseme.

Mama alikuja kanisani amemshika mkono mtoto wa tajiri wake. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye blanketi. "Umekuwa mrefu hivi, na mimi sipo," akasema. Sauti ilikuwa ileile. Kisha akanong'ona: "Nimeruhusiwa kukaa hapa mlangoni mpaka mmalize. Mkimaliza, narudi kazini."

Basi siku hiyo bingwa wa Moiben aliteleza kama konokono. Watoto wa shule nyingine walinipita wakinizomea. Kila nilipofika upande wa mlango nilimkuta mama bado amesimama. Mwalimu Salome, aliyekuwa amenisindikiza, akaniuliza kama treni imeharibika, akageuka, akaona mlangoni kuna nani. Akaokota mkebe wa nta, akamwaga kidogo pale penye kung'aa tayari. "Hapa bado," akasema. "Rudia."

Leo mjukuu wangu anafanya kazi Uarabuni, analea watoto wa watu, na wanawe ninakaa nao mimi hapa Eldoret. Kila jioni uso wake unatokea kwenye simu, mkubwa, mweupe kwa meno, na sauti juu. Wanamwambia wamekula, wanamwambia kwaheri, macho yameshahamia kwenye michezo yao. Sisi tulisubiri mwaka kwa uso mmoja mlangoni; hawa wanauzima kwa kidole. Siwagombezi. Mimi huichukua ile simu nikamuuliza mama yao amepika nini, analala saa ngapi, kama huko mvua imenyesha, na najua hainyeshi, ili tu akae kidogo zaidi na watoto wasikie bado anaongea.